Maswali ya Wasomaji: Rangi Ikipauka

Ploti yetu Kasarani ina kisima kirefu. Nimenunua dawa nyekundu ya kupima floraidi. Jumatatu ilisoma 0.8, Alhamisi 2. Kimebadilika nini, maji au dawa? Na nikichemsha itapungua? – Mpangaji, Kasarani

Kwanza uliza tangi lilijazwa na nini. Siku ya mgao, ploti nyingi huchanganya maji ya kisima na ya mfereji, na ya mfereji, yatokayo mabwawa ya milimani, huwa na floraidi kidogo. Chota kisimani penyewe, kwa chupa ya plastiki, si ya kioo.

Sasa dawa. Wekundu wake ni wa zirkoniamu, aina ya metali, iliyoshikana na rangi. Floraidi huinyakua zirkoniamu, na wekundu unapungua: kadiri inavyopauka, ndivyo floraidi ilivyo nyingi. Shida ni kwamba chochote kinachopausha hujifanya floraidi. Klorini ni mmoja wao, basi chota kabla maji hayajatiwa klorini. Mwingine ni mkono wako. Kipimo cha kawaida ni mililita 10 za maji kwa 2 za dawa. Hewa ikibaki ndani ya bomba la sindano, dawa inakuwa pungufu, rangi inapauka na namba inapanda bure. Gonga bomba kwa ukucha, sukuma hewa itoke, ndipo upime.

Andaa na chupa ya pili ya kulinganishia, yenye maji ya betri (yale yasiyo na asidi, tafadhali). Ziache zote mbili zifikie joto moja, tia dawa, ngoja dakika 1, linganisha rangi.

Shabu, ile ya kusafishia maji yenye tope, hufanya kinyume: alumini yake huishikilia floraidi, namba ikashuka. Soma tena baada ya dakika 15. Ikipanda sana, shuku alumini, ungoje saa 2 ndipo usome.

Hiyo 2 nayo isikutulize, kwa kuwa kadi nyingi za kulinganishia rangi huishia hapo. Changanya mililita 5 za maji yako na 5 za maji ya betri, pima, zidisha mara mbili. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Kuchemsha kunazidisha: maji yanaondoka na mvuke, floraidi inabaki sufuriani. Mabaki ya kipimo usiyamwage kwenye sinki la jikoni. Baadhi ya dawa hizi zina arseniki.

Dawa ya kijani ya kupima risasi imegeuka waridi kwenye maji ya tangi la mabati. Ni risasi kweli? – Fundi bomba, Umoja

Si lazima. Kama dawa yako ni ile iitwayo ditizoni, zinki nayo huigeuza waridi, na mabati yamepakwa zinki. Shaba pia huivuruga. Isitoshe, kikomo cha risasi ni miligramu 0.01 kwa lita, kiasi ambacho jicho halikisomi kwa uhakika. Omba chupa maabara, kwa mfano kwa Mkemia wa Serikali, ukinge maji ya kwanza ya asubuhi kabla mtu hajafungua bomba. Hayo ndiyo yaliyolala na viungio usiku kucha.