Mafuta ya breki ya pikipiki: kuongeza si kubadilisha

Katika pikipiki nyingi ninazoziona hapa Nairobi, hakuna kinachosahaulika kama mafuta ya breki. Mwenyewe anaijua vyema siku ya kubadilisha oili ya injini, anaujua mnyororo wake na hali ya tairi zake, lakini ukimwuliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini, jibu huwa kwamba yapo na kiwango kiko sawa. Kiwango kuwa sawa hakuonyeshi kwamba mafuta yenyewe ni mazima. Kazi hii nimeifanya nyumbani kwa miaka, kwanza kwa pikipiki yangu na baadaye kwa za majirani katika ploti tunayoishi, na ninaamini kwamba mtu makini mwenye spana chache na saa mbili za utulivu anaweza kuifanya vizuri. Ninazungumzia breki za diski peke yake, zile ambazo ukivuta leva mafuta husukuma pistoni ndani ya kalipa, nayo pistoni hubana pedi kwenye diski ya gurudumu. Pikipiki nyingi za bodaboda zina breki za drum zinazovutwa kwa waya au fimbo, nazo hazina mafuta ya kubadilisha.

Mafuta ya breki ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 (hayo ni madaraja ya mafuta yanayoandikwa kwenye chupa) yana tabia ya kunyonya unyevu. Maji huingia kidogo kidogo kupitia kuta za mipira ya breki (mabomba laini yanayopitisha mafuta), kupitia sili (pete za mpira zinazozuia mafuta yasivuje), na kila mara kifuniko kinapofunguliwa. Kwa hiyo pikipiki iliyoegeshwa nyumbani mwaka mzima huharibikiwa na mafuta karibu sawa na ile inayokwenda mjini kila siku, na ndiyo sababu muda wa kubadilisha huhesabiwa kwa kalenda, si kwa kilomita. Vitabu vya pikipiki nyingi za Kijapani hutaja miaka miwili. Mimi hubadilisha kila mwaka, kabla ya mvua za masika, kwa sababu chupa ndogo ya mafuta ni ya bei nafuu mno ikilinganishwa na kalipa mpya.

Madhara ya maji hayo ni mawili. La kwanza ni joto. Kwa viwango vya Marekani, DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzijoto 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kufikia takriban asilimia 3.7, kiwango kinachokubaliwa ni nyuzijoto 155 tu. Kwa DOT 3 ni 205 ikiwa mpya na 140 ikiwa na maji. Ukiwa kwenye foleni ya Ngong Road huenda usiione tofauti hiyo kamwe. Lakini teremka kutoka Corner Baridi kuelekea Magadi ukiwa na abiria na mzigo, au shuka Mai Mahiu nyuma ya malori ukishika breki kila baada ya kona, na joto la diski litapita kwenye pedi na pistoni hadi lifike kwenye mafuta. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, tofauti na mafuta. Leva iliyokuwa imara inakwenda hadi kwenye hendeli na pikipiki haipungui mwendo. Jambo la hatari zaidi ni kwamba ukisimama ikapoa, leva hurudi kama kawaida, na fundi ukimpelekea kesho yake hataona tatizo lolote.

Dhara la pili ni kutu. Jirani mmoja aliniletea pikipiki ambayo gurudumu lake la mbele lilikuwa likizunguka kwa shida hata leva ikiwa imeachiliwa. Nilipofungua kifuniko cha mafuta juu ya hendeli, yalikuwa meusi kama strungi, na chini ya kikombe kulikuwa na tope laini la kahawia lililoingia kwenye kucha nilipoligusa. Tulipoitoa pistoni ya kalipa tulikuta vishimo vidogo vya kutu pale pale sili inapopita, na nyuma ya sili hiyo, ndani ya mfereji wake, uchafu mweupe mgumu ulioisukuma mpaka ikaibana pistoni. Hakuna mafuta mapya ambayo yangeirekebisha hali hiyo; ilibidi anunue pistoni na sili. Kiwango cha mafuta kilikuwa sawasawa muda wote huo, kwa maana kila kilipopungua, mtu alikuwa akikiongeza.

Kuhusu huko kuongeza, ninaomba msomaji anielewe vizuri. Pedi zinapolika, pistoni husogea nje na mafuta hushuka kwenye kikombe. Hiyo ni kawaida. Ukiona kiwango kimeshuka, angalia kwanza unene wa pedi. Ikiwa zimelika, badilisha pedi, na kiwango kitapanda chenyewe pistoni zitakaporudishwa ndani; aliyekuwa ameongeza ataona mafuta yakimwagika juu ya tangi lake. Ikiwa pedi bado ni nene na mafuta yamepungua, yanavuja mahali fulani, na pikipiki hiyo isiendeshwe hadi mahali hapo papatikane.

Vifaa si vingi. Mafuta mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikombe, na robo lita hutosha breki ya mbele yenye kalipa moja na kubakia. Spana ya ringi inayoshika vizuri nipeli ya kutolea hewa (skrubu ndogo yenye tundu iliyo kwenye kalipa), mara nyingi namba 8. Mrija wa plastiki unaoonyesha ndani, bomba la sindano kutoka duka la dawa, chupa tupu, vitambaa safi, glavu na ndoo ya maji. Maduka ya spea ya Kirinyaga Road yana karibu kila kitu hapo. Unaponunua mafuta, hakikisha chupa haijawahi kufunguliwa, kwamba ina sili chini ya kifuniko, na usikubali kamwe kupimiwa kutoka kwenye chupa kubwa iliyokaa wazi dukani. Usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni na kwa kawaida huwa ya zambarau. Na oili ya injini au ya aina yoyote nyingine isiingie humo hata tone, kwa maana huvimbisha sili zote za mfumo na kuziharibu.

Osha pikipiki kwanza na uiache ikauke, kwani vumbi la barabara zetu likiingia kwenye kikombe litasafiri hadi kwenye sili. Isimamishe imara, geuza hendeli hadi kikombe kilale sawa, kisha funika tangi na maganda ya plastiki kwa kitambaa kilicholowa maji. Mafuta ya breki hula rangi. Yakidondoka, usipanguse kwanza. Mwagia maji mara moja, maana huyeyuka kwenye maji. Skrubu za kifuniko ni laini na vichwa vyake huharibika upesi: chagua bisibisi inayojaa kichwa barabara, igonge kidogo kwa nyundo ndogo ili kulegeza kutu, kisha zungusha ukiwa umeikandamiza kwa nguvu.

Nyonya mafuta ya zamani kwa bomba la sindano, pangusa kikombe, kisha jaza mafuta mapya. Usiguse leva wakati kikombe kiko tupu, la sivyo hewa itaingia na kazi ya saa moja itakuwa ya siku nzima. Watu wengi huruka hatua hii ya kunyonya, na matokeo yake ni kwamba uchafu wote wa kikombe wanausukuma upite kwenye mipira na kalipa ndipo utoke.

Sasa nenda kwenye kalipa. Weka spana kwenye nipeli kwanza, halafu chomeka mrija, na ncha ya pili uitumbukize kwenye chupa yenye mafuta safi kidogo ili hewa isirudi. Vuta leva taratibu, ishikilie, legeza nipeli kama robo mzunguko, acha leva iende, kaza nipeli, ndipo uachilie leva. Mpangilio huo usivurugwe: ukiachilia leva nipeli ikiwa wazi, unavuta hewa ndani. Rudia, ukitazama rangi ndani ya mrija ikibadilika kutoka kahawia hadi ile ya mafuta mapya. Kila baada ya mivuto minne au mitano, angalia kikombe na uongeze. Kwa pikipiki ya zamani, weka kipande cha mbao nyuma ya leva kisiruhusu ifike mwisho, kwa sababu mwisho wa silinda kuu (ile iliyo kwenye leva, inayosukuma mafuta) ni sehemu ambayo sili haijawahi kufika, na kutu iliyokaa hapo inaweza kuichana.

Nipeli ina tundu katikati na hukatika kirahisi. Ikikataa kufunguka, ikaze kidogo sana kwanza, kisha ilegeze. Ikiendelea kukataa, acha. Kulipa fundi afungue nipeli iliyoshika ni nafuu kuliko kumlipa atoe kipande kilichokatikia ndani. Wakati wa kufunga, nguvu ya kiganja kwenye spana fupi inatosha.

Breki ya nyuma hufuata utaratibu huo huo, isipokuwa kikombe chake mara nyingi kimefichwa nyuma ya ganda la pembeni. Pikipiki yenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame unaposhika breki) ni jambo tofauti: mafuta ya zamani hubaki ndani ya kifaa chenyewe, na baadhi ya aina huhitaji kompyuta ili kukifungua, hivyo hiyo ningeipeleka kwa fundi mwenye kifaa hicho. Breki za mbele na nyuma zilizounganishwa zina mpangilio wake wa kutoa hewa, nao umo kwenye kitabu cha pikipiki.

Ukimaliza, leva inatakiwa iwe ngumu mapema katika safari yake. Ikiwa laini kidogo, rudisha kifuniko, funga leva kwenye hendeli kwa ukanda wa tyubu kuukuu, ule ambao wenzetu wa bodaboda hufungia mizigo, na uiache hadi asubuhi. Mara nyingi viputo vidogo hupanda vyenyewe hadi kwenye kikombe. Ikiwa bado ni laini asubuhi, hewa imebaki, na sehemu ya kwanza kuitafuta ni kwenye boliti inayounganisha mpira na silinda kuu, kwa kuwa ndiyo iliyo juu. Ukilazimika kuifungua boliti hiyo, weka washa (pete bapa) mpya za shaba. Kisha vuta leva kwa nguvu kwa dakika nzima huku ukitazama kila kiungo. Kusiwe na unyevu popote. Pangusa diski, na ikiwa pedi zimepata mafuta, zibadilishe, kwa maana kuziosha hakusaidii. Jaribu breki ndani ya ploti kwa mwendo wa kutembea kabla ya kutoka barabarani.

Mafuta yaliyobaki kwenye chupa iliyofunguliwa ninayahesabu kuwa yamekwisha baada ya miezi michache, hata kama kifuniko kimekazwa. Ya zamani usiyamwage kwenye mtaro wala usiyachanganye na oili chafu; yaweke kwenye chupa iliyoandikwa wazi, mbali na watoto, kwa kuwa ni sumu, kisha yapeleke kwenye gereji inayopokea taka za mafuta. Halafu andika tarehe kwenye kipande cha karatasi ya gundi, ukibandike chini ya kiti.