Kiwanda kimenipunguza: je, nirudi shamba?

Pole sana, dada. Oda za Marekani zimehamia Asia, kiwanda chenu cha nguo hapo Athi River kimekuachisha kazi, na sasa unauliza kama utie malipo yote kwenye kukodi shamba Machakos ulime mboga. Mimi nasema la, si yote.

Kwanza hakikisha umelipwa sawasawa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, inataka angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza kazini, notisi ya mwezi au mshahara wake, na likizo ambazo hukuchukua zilipwe taslimu. Usitie sahihi karatasi yoyote kabla hujapiga hesabu hiyo.

Mboga panda, ila za kula. Huhitaji ekari, gunia linatosha. Simamisha nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini, zungushia udongo uliochanganywa na samadi, toboa matundu ubavuni, kisha chomeka miche ya sukuma wiki. Vuna majani ya chini, kilele ukiache. Hapo umepunguza pesa ya mama mboga. Kodi ya nyumba na karo bado zinakungoja. Kulima biashara Machakos bila maji ya kumwagilia ni kamari, na mvua za huko unazijua.

Ujuzi wako ni cherehani. Nunua iliyotumika, anza na sare za shule, na wateja uwatafute kabla ya Januari, maana shule zikishafunguliwa wazazi wengi wameshanunua.