Jibu: Nimemaliza dozi ya malaria, mbona bado miguu inalegea?

Pole sana mkuu. Umesema vidonge 24 vya mseto umevimaliza juzi, kipimo cha leo ni safi, lakini ukipanda ngazi unahema na bosi anakutaka kesho. Hapo hujalogwa. Dawa imeua vimelea, ila damu waliyoila haijarudi. Vimelea hao huishi ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua wanapotoka. Mwili unahitaji wiki kadhaa kuzitengeneza upya. Kupata nafuu ni jambo moja, kupona ni lingine.

Mimi mwaka juzi nilijitia ubabe, nikarudi kubeba mizigo siku ya nne. Nilidondokea kwenye magunia, watu wakadhani nimelewa (na situmii kabisa!).

Kwa hiyo lala mchana bila aibu. Kunywa uji, supu, maharage, dagaa, matembele, na chungwa pembeni. Tembea kidogo jioni, mazoezi mazito yasubiri.

Kuhusu bosi: mwombe daktari ED ya maandishi, yaani cheti cha kupumzika kazi kwa ugonjwa. Sheria ya Ajira ya 2004 hapa Tanzania inatoa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Bila cheti hana lazima ya kukulipa.

Ila homa ikirudi, macho yakiwa ya njano au mkojo ukigeuka rangi ya soda nyeusi, usipumzike nyumbani. Nenda hospitali usiku huohuo.