Anakupenda, Lakini Hasira Zake Je?

Msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, mume wangu ananipenda kweli. Hana mwanamke nje, hela ya matumizi anaacha, watoto anawajali. Ila akikasirika anakuwa mtu mwingine kabisa. Niondoke au nivumilie?"

Dada yangu, ndoa ya namna hiyo naijua. Niliishi ndani yake miaka.

Mume wangu wa zamani alinipenda, na mpaka leo sikubali mtu aniambie vinginevyo. Nilipolazwa na mimba ya mtoto wa pili, alilala kwenye benchi la hospitali, na alfajiri akafuata uji wa ulezi nyumbani akauleta kwenye chupa ya chai. Mwanaume huyohuyo alinivunjia simu ukutani kwa sababu nilichelewa kupokea. Kesho yake akaleta nyingine nzuri zaidi, akapiga magoti, akalia. Majirani waliiona simu mpya, wakaniambia nimebahatika.

Mama mkwe akasema, "Mwanangu ana hasira, lakini hana roho mbaya." Somo wangu akanifundisha kunyamaza. Nikanyamaza hadi mwanangu mkubwa akawa akisikia geti linafunguliwa anazima televisheni na kukimbilia chumbani. Hilo linaniuma hadi leo.

Kilichonifumbua macho ni mwenye nyumba. Alikuja kudai kodi, akamtukana mume wangu mbele ya watoto, matusi ya nguoni. Mume wangu akainamisha kichwa: "Samahani mzee, naomba univumilie kidogo." Sauti laini kabisa. Mlango ulipofungwa, akanigeukia mimi na kuanza kufoka, kwa nini nilimfungulia. Tangu siku hiyo siamini kwamba hasira zilimzidi nguvu. Alijua vizuri nani wa kumfokea.

Kwa hiyo usipime mapenzi yake, hayo tumeshakubaliana yapo. Pima anachofanya akishatulia. Analeta zawadi, au anatafuta msaada? Wangu nilimwomba twende kwa mjomba wake. Alikwenda, akatumia kikao chote kueleza ninavyomuudhi. Mtu anayetaka kubadilika husimulia alichofanya yeye, bila kuanza na "huyu naye". Wapo wanaobadilika, na kaka yangu ni mmoja wao. Aliacha pombe, na akihisi mori unampanda anatoka nje, anatembea mpaka anatulia. Siku hizi wifi anabishana naye mezani bila woga. Mume wa hivyo mpe muda, nakusihi.

Lakini akishakuinulia mkono, usiniombe nikwambie vumilia. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inaruhusu. Nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Mwanamke hakuumbwa awe ngoma ya mtu! Mungu hakukupa watoto ili wajifunze kutetemeka.

Ukiamua kuondoka, usimtangazie wakati amekasirika. Mwambie ndugu mmoja unayemwamini, na ondoka akiwa kazini. Beba cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa sababu vitu hivyo ukiviacha utavifuata kwa machozi. Kabla ya kudai talaka mahakamani, kwa kawaida shauri hupita kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Lipo kwenye kata, na taasisi za dini pia zina ya kwao. Huko eleza matukio, usieleze tabia tu. "Ana hasira" haiwaambii wajumbe chochote. Waambie lini, wapi, alifanya nini, nani alisikia.

Wala usitishwe na maneno ya "utatoka mikono mitupu, nyumba nilijenga mimi." Niliambiwa hivyo, nikayaamini kwa muda mrefu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwishatambua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika kwako, kufua kwako na kulea kwako vinahesabiwa. Vitaje mbele ya hakimu, kimoja kimoja.