Jibu: Usichome majani ya mikorosho

Mkuu, umeuliza kama kilimo cha kuhuisha udongo ni mambo ya wageni, na kama uchome majani chini ya mikorosho yako huko Newala. Usichome! Wala si mambo ya wageni: wazee wetu wa uwanda wa Makonde walichanganya mihogo, mbaazi na kunde shamba moja, kisha wakaliacha lipumzike mpaka vichaka virudi. Wenyeji wa asili wa Marekani nao walipanda mahindi, maharage na maboga pamoja.

Anza na mbaazi katikati ya mistari, mikorosho ikiwa bado michanga. Vinundu vya mizizi yake vinaongeza naitrojeni, yaani kirutubisho cha mimea, kwenye udongo, na majani yanadondoka yenyewe. Wakati wa kuokota korosho, fagia chini ya mti tu. Majani yasogeze katikati ya mistari yaoze huko. Na tafadhali, lima ukanda mtupu kuzunguka shamba, moto wa jirani usivuke.