Muulize Fundi Umeme: koili mpya inachemka

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Corolla KE30 ya mwaka 1978, injini ya 3K, niliyoachiwa na baba. Asubuhi ilikuwa inasumbua kuwaka. Muuza spea mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, akanishauri nibadilishe koili, kile kifaa kinachokuza umeme wa betri ili plagi zitoe cheche, nichukue nyekundu iliyoandikwa volti 40,000. Fundi aliyeifunga aling'oa kile kigae cheupe kilichokuwa ubavuni mwa koili ya zamani, akaunganisha waya moja kwa moja, akidai kigae kinapunguza nguvu. Kweli, mwanzoni gari liliwaka kwa kugusa tu. Sasa nikitoka Kibaha kwenda mjini, nikifika foleni ya Kimara linaanza kumisi, kisha linazima. Koili inakuwa ya moto haishikiki. Ikipoa, gari linawaka. Je, nitafute koili kubwa zaidi?
Msomaji, Kibaha

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Funga pochi kwanza. Kigae hicho ni rizista, yaani kipunguza umeme, na dalili zote zinasema koili uliyouziwa ilitengenezwa ifanye kazi pamoja nayo.

Azima mita, uiweke kwenye omu 200. Gusanisha ncha zake zenyewe kwa zenyewe usome inaonyesha nini, maana mita za bei nafuu husoma 0.3 au zaidi hata pasipo kitu katikati. Namba hiyo utaitoa baadaye. Sasa chomoa waya zote mbili ndogo za koili, upime kati ya + na −. Ukipata karibu na omu 3, koili hiyo haihitaji rizista. Ukipata 1.5 au pungufu, inaihitaji. Rangi ya kopo isikudanganye, rangi anapaka yeyote.

Piga hesabu uone. Injini ikiwaka, altaneta inatoa volti 14 hivi. Gawa kwa omu 3, unapata ampea 4.7, mzigo ambao pointi za distribyuta (swichi ndogo inayokata na kuunganisha umeme wa koili) zinaumudu. Gawa kwa 1.5, unavuka ampea 9. Fungua kepu, vuta rota, utenganishe pointi kwa bisibisi ndogo: naamini utakuta uso mmoja umechimbika, mwingine umeota kichuguu, na pembeni chuma kimegeuka bluu. Umeme huohuo ndio unaoipika koili kwa ndani. Ukiwa njiani upepo unaipoza kidogo; kwenye foleni hakuna upepo, na ndiyo maana inakufia Kimara.

Kwa nini basi mwanzoni ilikupendeza? Toyota waliliwaza hilo zamani. Unapopiga selfu, betri inashuka mpaka volti 10 au chini yake, kwa hiyo kuna waya wa pili unaotoka upande wa selfu na kuipelekea koili umeme bila kupitia rizista, kwa muda huo tu. Ukiachia ufunguo, umeme unarudi kupita kwenye rizista. Fundi wako ameipa koili chakula cha selfu kutwa nzima. Nami nashuku kuwa shida yako ya asubuhi ilikuwa waya huo wa pili kukatika au kuota kutu. Ukisharudisha rizista, weka mita kwenye + ya koili, mwenzako apige selfu: ukisoma volti 5 au 6 tu, umempata mwizi. Na mwenye gari kama hili akiona linashika wakati wa selfu halafu linazima papo hapo anapoachia ufunguo, rizista yenyewe imekatika.

Hizo volti 40,000 ni uwezo wa juu kabisa, na plagi haziuombi. Volti ndani ya koili hupanda mpaka cheche iruke, na ikisharuka hazipandi tena. Kwa plagi nzima yenye gepu la milimita 0.8 kwenye injini kama yako, 10,000 hadi 15,000 kwa kawaida zinatosha. Akiba inasaidia plagi zikichakaa au betri ikichoka, lakini haikuongezei nguvu ya kupandia mlima: 3K ni cc 1,166 na itabaki hivyo.

Una njia mbili. Rudisha rizista pamoja na ule waya wa selfu, au nunua koili ya omu 3 uiache rizista nje. Usichanganye, kwa sababu koili ya omu 3 ukiiwekea na rizista itatoa moto hafifu, na utarudi kulaumu kabureta. Vyovyote vile, badilisha pointi na kondensa, weka gepu la pointi milimita 0.45, kisha tuni upya. Kama koili imeshaanza kuvuja mafuta shingoni, itupe.

SWALI: Fundi, Land Rover yangu Series III imefungwa koili iliyotoka kwenye Land Rover ya zamani zaidi. Badala ya + na − ina herufi SW na CB. Nimeunganisha SW kwenye ufunguo na CB kwenye distribyuta. Inawaka, lakini mwenzangu anasema nimegeuza. Kuna tofauti?
Mkulima, Mafinga

JIBU: Mwenzako ana hoja. Herufi hizo ni za enzi ambazo bodi la gari lilikuwa chanya, yaani + ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Series III bodi lake ni hasi, kwa hiyo koili hiyo uigeuze: CB iende kwenye ufunguo, SW kwenye distribyuta. Ukiacha ulivyofunga injini itawaka, ila cheche inalazimika kuruka kutoka bodi la plagi, ambalo ni la baridi, badala ya ncha ya katikati yenye moto, na hapo inataka volti nyingi zaidi. Kwa baridi ya Mafinga alfajiri utaliona hilo kwenye selfu.

SWALI: Nilikuwa nasikiliza mpira kwenye redio ya gari, injini imezimwa, ufunguo uko ON. Kabla ya mapumziko nikasikia harufu ya kuungua, koili imepasuka. Ilikuwa mbovu?
Dereva, Tanga

JIBU: Huenda ilikuwa nzima kabisa. Injini ikisimama huku pointi zimefungana, umeme unapita kwenye koili bila kukatika, na ukiacha hivyo muda mrefu inaiva. Weka ufunguo kwenye ACC, ile hatua inayowasha redio bila kuipa koili umeme. Kama gari lako halina ACC, vuta waya wa redio moja kwa moja kutoka betri, na fyuzi yake.