Mechi ya kwanza ya Griffins: usidanganyike na mabao

Mkuu uliyeuliza kama mechi ya ufunguzi ya Griffins inafaa kupeleka watoto, na utamjuaje mchezaji mzuri wakati hoki ya barafu hujawahi kuiangalia: nenda. Mimi nina misimu kadhaa pale Van Andel Arena, hapa hapa Grand Rapids, Michigan, Marekani. Tiketi ya kwanza nilipewa na bosi wa zamu kiwandani, na sikujua hata timu yetu inavaa rangi gani.

Griffins wako AHL, ligi iliyo chini ya NHL, ile ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, na tangu 2002 wanawalelea Detroit Red Wings, timu ya NHL, vijana wao. Siku za ufunguzi Detroit wanakuwa wametoka kuchuja kikosi, na waliochujwa ndio hao unaokwenda kuwaona. Tena kanuni ya ligi inataka katika wachezaji 18 wa kila mechi, ukiacha makipa, 13 wawe wale ambao bado hawajacheza mechi nyingi za kulipwa. Ndiyo maana mechi ya kwanza pasi zinapotea hovyo. Hawajazoeana.

Sasa kosa langu. Siku ile ya tiketi ya bosi straika wetu mmoja alipiga mabao mawili. La pili nililiona vizuri maana nilikaa nyuma ya goli: kile kisahani cheusi wanachopiga badala ya mpira kilimgonga kipa kwenye pedi ya mguu, kikarudi, jamaa akakisukuma ndani kabla mimi sijajua kiko wapi. Kesho yake nikawatangazia Wakongo wa zamu yetu kwamba tumepata mtu. Nikamponda na beki mmoja kijana, mrefu, kila akikipata kisahani anampa mwenzake wa karibu, basi. Kufika Januari straika wangu anasugua benchi, beki kaitwa Detroit. Wale jamaa hawakuniacha: "Kaka, mtu wako yuko wapi?"

Nilikuwa nafuata kisahani tu. Mawili yale, moja lilikuwa la kudokoa, lingine wapinzani wako pungufu, mtu wao anatumikia adhabu ya dakika 2. Wakati huo yule beki kocha alikuwa anamwingiza kila tunapokuwa pungufu sisi. Hoki haina idadi ya sub. Mtu anakaa barafuni kama sekunde 45, anaruka ukuta kurudi benchi, mwingine anaingia, na mchezo haujasimama. Basi wewe angalia benchi. Dakika 2 za mwisho tunalinda bao moja, nani anaguswa bega aingie? Huyo mkariri namba yake.

Moritz Seider alipita hapa msimu wa 2019/20 akiwa na miaka 18. Mechi 49, mabao 2. Mwaka 2022 akabeba tuzo ya mchezaji mpya bora wa NHL nzima. Mimi wa siku ile ningemwita mzigo.

Kipa naye usimpime kwa mabao aliyofungwa peke yake. Tazama shuti likimfika linakwenda wapi. Likinasa kifuani au akalisukumia pembeni, sawa. Likirudi katikati mbele yake mara tatu nne, hata kama hajafungwa, usiku huo anabebwa na mabeki.

Unaniuliza matokeo ya mechi ile? Wallahi sikumbuki. Nakumbuka mtu alivyobamizwa kwenye kioo mbele yangu, kioo kizima kikatikisika, nikajimwagia soda. Wanao hiyo wataipenda. Ngumi nazo zikipigwa, waamuzi huwaacha kidogo wamalizane kisha wanawatoa nje dakika 5 kila mmoja, usishtuke.

Na majaketi wabebee, wote. Mimi nilikwenda na shati, kipindi cha pili nikanunua kahawa ya kushika tu mikononi.